Kabla Hazijawa Vivutio: Historia ya Mahali Tunapowapeleka Wageni Unguja

Mwaka 1905 garimoshi lilianza kusafiri kati ya Ngome Kongwe na Bububu, kiasi cha maili saba kaskazini mwa mji wa Unguja. Reli ilijengwa na kampuni ya Marekani. Ilipita katikati ya mitaa iliyobanana, karibu kabisa na baraza za nyumba, kisha ikafuata pwani na kuingia kwenye minazi. Abiria wake wa kila siku walikuwa watu wa mjini na wa mashamba, na vikapu vyao na shughuli zao. Lakini meli kubwa zilizotia nanga bandarini zilishusha wageni waliokuwa na saa chache tu za kukaa nchi kavu, na hao waliwekewa behewa la daraja la kwanza ili wakatazame mashamba na kurudi melini kabla nanga haijang'olewa.

Behewa lile ndilo ninalolihesabu kuwa mwanzo wa utalii wa Zanzibar. Reli yenyewe haikudumu. Magari yaliishinda, na miaka ya 1920 haikwisha kabla yake. Kilichodumu ni ule mtindo: mgeni alipanda chombo kilichowekwa kwa shughuli za wengine, akaona shamba lililopandwa kwa ajili ya soko la mbali, akaondoka akisema amekiona kisiwa. Mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 736,000 katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na wakazi wapatao milioni 1.89. Karibu kila mahali wanapopelekwa palikuwa na kazi yake kabla hapajaitwa kivutio, na kazi hiyo ndiyo inayostahili kusimuliwa kwanza.

Tuanzie hapo hapo treni ilipoanzia. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwatoa Wareno, juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno hao. Ilikuwa ngome ya kweli, ya kuzuia adui aliyetazamiwa kurudi kwa bahari. Karne ya 19 ikageuka gereza, na nje ya ukuta wake wa mashariki watu walinyongwa au kukatwa vichwa kwa hukumu. Reli ilipokuja, ngome ikawa karakana. Baadaye ikawa klabu ya kina mama ya kuchezea tenisi. Leo ndani yake kuna jukwaa ambapo tamasha la filamu la nchi za majahazi limekuwa likifanyika tangu 1998, na lile la muziki, Sauti za Busara, tangu 2004. Nimesimama ukumbini humo usiku wa Februari, nikasikia taarab na ngoma zikigonga kuta zile nene na kurudi, na sijui ukumbi mwingine wa Afrika Mashariki unaolipa muziki heshima kama ile.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib, na hapa inabidi kukaa zaidi.

Sayyid Barghash alipokuwa kijana alijaribu kumnyang'anya kaka yake Majid kiti cha usultani, akashindwa, akapelekwa Bombay. Huko aliona mji wa Kihindi chini ya Waingereza, na alipotawala kuanzia 1870 alikuwa mtu mwenye haraka ya kujenga. Aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Alimpeleka mwanamuziki Misri akajifunze kupiga kanuni, na kutoka hapo tawi kubwa la taarab yetu likachipua. Na mwaka 1883 akasimamisha jumba hili refu la ghorofa, lenye nguzo za chuma na roshani kila upande, kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya dola. Lilikuwa na taa za umeme na lifti wakati miji mingi ya eneo hili haijaviona vitu hivyo.

Miaka kumi na mitatu baadaye, asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zililenga mizinga kwenye majumba ya kifalme kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti bila ridhaa yao. Mapigano hayakufika saa nzima. Kasri ya jirani ilibomolewa, mamia ya watu wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaanguka. Jumba lilibaki wima. Mnara wa saa tuliozoea kuuona kwenye picha za kadi uliwekwa katika matengenezo yaliyofuata vita hivyo, ingawa mgeni anayeupiga picha ni nadra kuambiwa hivyo. Jumba lenyewe Waingereza walilifanya ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mahali pa mafunzo ya siasa ya chama. Mwishowe likawa makumbusho, na katika ua wake wa ndani palisimamishwa mtepe, ule mtindo wa chombo kikubwa cha mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, uliojengwa upya na mafundi ili watoto wa sasa waone babu zao walivyosafiri.

Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ilianguka na mnara wake. Watu wawili walipoteza maisha.

Hatari hiyo si ya jumba hilo peke yake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hii inataka kuangaliwa kila msimu wa mvua. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulegea, boriti huoza kimyakimya pale zinapoingia ukutani, na siku ya kuanguka haimtangazii mtu. Baada ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikachukuliwa na serikali na kukaliwa na wapangaji wasio na uwezo wa kuzitengeneza. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika kwenye orodha ya urithi wa dunia. Cheti hicho ni cha heshima, lakini hakizibi paa. Nyumba zilizo hai mpaka leo ni zile zenye watu ndani: anayefua kibarazani, anayekuna nazi ghorofani, anayepanda juu ya paa kila vuli kutazama wapi panavuja. Nyumba ikihamwa ikawa mapambo tu, miaka yake imeanza kuhesabika. Ndiyo maana kila nikisikia familia nyingine imehamia Mbweni au Fuoni na nyumba yao imegeuzwa hoteli ndogo, natamani kujua nani atabaki kusalia katika msikiti wa mtaa ule na nani atanunua mkate asubuhi.

Forodhani bado haijaachwa na wenyewe. Bustani ile ilitengenezwa 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2009. Mgeni huenda kwa ajili ya mishikaki na juisi ya miwa. Wenyeji huenda na watoto baada ya magharibi, vijana wa mji huruka baharini kwa kushindana, na wazee hukaa ukingoni kupunga upepo. Haya hayahitaji maelezo marefu. Mtu aende jioni, akae.

Mkunazini ndiko kunakohitaji maelezo, tena ya uangalifu. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash, akiwa amebanwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mji likafungwa. Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana katika kiwanja hicho hicho. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, askofu ambaye wasomaji wa Kiswahili wana deni kwake la namna nyingine: alikusanya hadithi za watu wa Unguja na kuziandika, akatunga kitabu cha sarufi, akafasiri Maandiko. Amezikwa ndani ya kanisa hilo. Nje, ndani ya shimo lililokatwa kama chumba, kuna sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs, mchongaji kutoka Sweden.

Wageni hushushwa pia katika vyumba vya chini ya jengo la jirani, wakaambiwa watumwa walisongamana humo kabla ya kupelekwa sokoni. Wanahistoria wamelitilia shaka simulizi hilo, kwa kuwa jengo lenyewe ni la wamisheni na lilijengwa soko likiwa limekwisha kufungwa. Mimi naona wanaotembeza wageni wangelisema hilo waziwazi. Ukweli wa Mkunazini ni mzito kiasi kwamba hauhitaji kuongezewa chumba. Watu waliletwa kutoka Nyasa, Manyema na Unyamwezi wakiwa wamebeba pembe za ndovu mabegani, wakauzwa pale, na wengi wao hawakuvuka bahari nyingine tena: walipelekwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Utumwa wenyewe, tofauti na biashara yake, uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Katika miaka ya kati, waliokuwa wakiendelea kuuza kwa siri walitumia pwani kama ya Mangapwani, ambako chumba kilichochimbwa kwenye mwamba bado kipo na mtu anaweza kuingia.

Kwa hiyo anayetoka Mkunazini asubuhi na kupanda daladala kwenda kwenye mashamba ya viungo mchana hajatoka kwenye habari moja kuingia nyingine. Mikarafuu haikuwa ya hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Miongoni mwa mashamba ya kwanza ni lile la Saleh bin Haramil al-Abry huko Kizimbani, ambalo Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alikuja kulichukua. Said aliona faida, akahamishia hapa makao yake kutoka Muscat, akawaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu, na kabla hajafa 1856 visiwa hivi vilikuwa vikilisha sehemu kubwa ya soko la dunia. Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo nchi ya karafuu.

Shambani leo kijana hukupasulia kungumanga ukaona utando wake mwekundu, hukukwangulia gome la mdalasini, hukusokotea kofia ya makuti. Ni saa mbili za furaha, na wanaofanya kazi hiyo wanaijua mimea kuliko vitabu vingi. Lakini ningependa asimame pia chini ya mkarafuu mmoja mkongwe, aeleze nani aliupanda, nani aliuparamia msimu hadi msimu, na nani alikaa usiku akikonyoa karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake ili asubuhi zianikwe majamvini. Karibu na hapo, Kidichi, kuna hamamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, kuta zake zimepambwa kwa nakshi za plasta. Ni jengo dogo, linapitiwa haraka, na ni miongoni mwa mazuri kuliko yote kisiwani.

Karafuu hiyo hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa utalii tunaoujua. Baada ya Mapinduzi serikali haikuwa na hamu kubwa ya watalii. Hoteli ya Bwawani ilifunguliwa 1974 na kwa miaka mingi ilikaribia kuwa peke yake. Mkoba wa nchi ulikuwa karafuu, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambayo huzichanganya na tumbaku kwenye sigara. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake ya kutosha. Miaka ya 1980 bei ikaporomoka, na nchi iliyosimama kwenye zao moja ikajikuta haina pa kuegemea. Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar, biashara ikaanza kulegezwa, sheria ya kulinda uwekezaji ikapitishwa 1986 na Kamisheni ya Utalii ikaundwa 1987. Kilichofuata kila mtu anakiona akipita Nungwi au Paje. Nani angewaza wakati ule kwamba mchanga wa pwani, ambao mwenye shamba la karafuu aliudharau kwa kuwa hauoti kitu, ungekuwa ardhi ya bei kuliko zote?

Pwani ile, hata hivyo, haikuwa tupu. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianzishwa Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wanaume walipoona malipo ni madogo kiliwabakia wanawake. Maji ya bamvua yanapokupwa, utawaona wamejifunga kanga, wamekaa kwenye maji ya kiunoni, wakifunga vishada vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya mambo. Kwa wengi wao fedha ile ndiyo ya kwanza kuitia mfukoni wenyewe, na ilijenga vyumba, ikalipia skuli. Sasa bahari imepata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri hufa kwenye maji mafupi, na upande wa nchi kavu hoteli zimesogea hadi ukingoni. Mgeni anapokatiza katikati ya kamba zile akitafuta mahali pa kuogelea, anapita shambani mwa mtu. Wenye hoteli waliozoea kuwaelimisha wageni wao kuhusu samaki wangeweza kuwaeleza na hilo, haligharimu kitu.

Si kila mahali mambo yameachwa yajipange yenyewe. Changuu, kisiwa kinachoitwa cha gereza, kina jengo la gereza lililojengwa miaka ya 1890 kwa mpango wa Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani chini ya Waingereza. Wafungwa hawakuwekwa, likatumiwa kuwa karantini ya wasafiri waliotoka kwenye nchi zenye maradhi. Mwaka 1919 waliletwa kobe wakubwa kutoka Shelisheli, wakazaana hadi wakawa mamia. Halafu wakaanza kuibwa na kuuzwa nje. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba tu. Ikabidi waletwe wengine, wajengewe uzio, walindwe usiku na mchana, na leo wapo tena, umri wa kila mmoja umeandikwa gambani kwa rangi. Mwenye kukaa karibu nao kwa dakika kumi, akampa mmoja jani la mchicha, ataelewa kwa nini wapo watu wanaokubali kulala macho kwa ajili yao.

Chumbe ilikwenda mbele zaidi. Kisiwa hicho kidogo kilikuwa na mnara wa taa tangu 1904, na mkondo wake wa magharibi ulizuiwa kwa sababu za kijeshi, hivyo matumbawe yake hayakuvuliwa wala kupigwa baruti kama kwingine. Mwaka 1994 mwamba ule ukatangazwa hifadhi, na waliokuwa wavuvi wakaajiriwa na kufundishwa kuulinda. Vibanda vya wageni ni saba tu, maji yake ni ya mvua iliyokingwa paani. Fedha ya mgeni hutumika pia kuwaleta wanafunzi wa skuli za Unguja, wengi wao watoto wa pwani, wakavae miwani na kutazama chini ya maji kwa mara ya kwanza. Hili la watoto ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote yanayosifiwa kuhusu Chumbe.

Na Jozani. Kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja na kwa wachache waliohamishiwa kwingineko. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kuwa ni zaidi ya 5,800. Wakulima wa Pete na vijiji jirani waliwajua kama wanyama wanaokula nazi changa na kumwachia mtu hasara, na magari ya watalii yaliyokwenda mbio kusini yaliwagonga barabarani hadi matuta yalipowekwa. Msitu na ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Kilichowaokoa kima ni kwamba sehemu ya kiingilio hurudi vijijini na mkulima aliyeharibiwa mazao hufidiwa. Fidia ikichelewa, manung'uniko huanza tena, na wanavijiji wana haki.

Kusini zaidi, Kizimkazi, mashua hutoka alfajiri kutafuta pomboo, na zikimpata mmoja humzunguka kumi kwa pamoja, jambo linaloniudhi kila nikiliona. Wageni wanaporudi pwani, wengi hupita bila kuingia msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo limefanyiwa matengenezo karne ya 18, lakini kibla kile bado kipo, na bado pana sala tano kila siku. Mgeni akiomba ruhusa kwa adabu, akavaa vizuri, akaja nje ya wakati wa sala, hukaribishwa.

Makunduchi, mwezi Julai, mgeni huwa na nafasi ambayo hakutafutiwa na hoteli yoyote. Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa Washirazi. Wanaume hupigana kwa mikomba ya migomba na kumaliza kinyongo cha mwaka mzima, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita viwanjani wakiimba na wamevaa nguo mpya. Kisha watu hula. Wenyeji wanaamini kwamba nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina heri, na kwa hiyo husimama njiani na kumshika mkono mpita njia, awe wa Jambiani au wa Ujerumani, aingie ndani kula kabla hajaendelea na safari yake.